Kabla ya Kuhubiri Ugenini, Tujifunze Kusikiliza

KILA inapokaribia likizo ya Agosti, makanisa mengi humu nchini hutangaza safari za uinjilisti katika nchi za nje. Waumini huchanga fedha, vijana hufanya mazoezi ya nyimbo, na siku ya kuondoka wazee wa kanisa huwawekea wasafiri mikono na kuwaombea. Ni jambo jema. Zamani sisi ndio tuliopokea wamishonari, leo twawatuma. Hata hivyo, liko somo moja ambalo aghalabu halifundishwi kabla ya safari hizo, nami nililipata kwa aibu.

Mnamo Agosti 2017, nilikuwa mmoja wa kikundi cha watu 12 wa kanisa letu waliokwenda Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tulisafiri kwa basi kupitia Kampala na Kigali hadi Gisenyi, kisha tukavuka mpaka kwa miguu. Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Mnamo Januari 17, 2002, mlima Nyiragongo ulilipuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Wenyeji walirudi wakajenga juu ya mawe yayo hayo. Barabarani vijana husukuma chukudu, yaani vyombo vya mbao vyenye magurudumu mawili, vilivyosheheni viazi na makaa.

Wenzangu walifurahi kuwa nami kwa sababu ninafundisha isimu. Isitoshe, walisema hatungehitaji mkalimani, kwani watu wa huko huzungumza Kiswahili. Ni kweli. Lugha hii ilifika Kongo ya mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na pwani, akiwemo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Leo ni mojawapo ya lugha 4 za taifa zilizotajwa katika katiba ya Kongo ya mwaka 2006.

Niliombwa kuongoza semina ya walimu wa shule ya Jumapili. Siku ya pili, mama mmoja wa makamo alisimama kutoa ushuhuda. Alianza hivi: "Moto ilikuya, batu bote bakakimbia." Kwa mazoea ya darasani, na kwa nia ambayo wakati ule niliiona kuwa njema, nilimkatiza huku nikitabasamu: "Mama, twasema moto ulikuja, watu wote wakakimbia." Baadhi ya wenzangu walicheka. Mama naye akacheka kidogo. "Aksanti, mwalimu," akasema, kisha akaketi. Nikamwita aliyefuata.

Tangu hapo semina iliendelea kwa utulivu mkubwa. Hapakuwa na aliyenipinga wala aliyeuliza swali, nami nikadhani wameridhika. Jioni mchungaji mwenyeji aliniita kando akaniambia kwa upole: "Mwalimu, ule mama alikuwa anasema juu ya batoto bake benye balikufa. Sasa batu banaogopa kusema mbele yako."

Usiku huo sikupata usingizi. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwenda kuwafariji watu, nikamnyamazisha mfiwa kwa ajili ya upatanisho wa sarufi!

Tena nilikuwa nimeisahau taaluma yangu mwenyewe. Kila mwaka mimi huwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kiambishi cha watu katika Kibantu cha kale kilikuwa ba-. Waganda husema abantu, na Waluhya wengi husema abandu. Ni Kiswahili cha pwani kilichoilegeza b hiyo ikawa w. Kwa hivyo neno batu, ambalo Wakongo hulitamka kwa kufuata lugha zao za Kibantu, li karibu na asili kuliko watu yetu.

Aidha, Kiswahili Sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wake, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa sheria iliyopitishwa katika baraza ambalo hakualikwa?

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka uo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki. Krapf alikuwa na kasoro zake, na waliobatizwa kwa mkono wake walikuwa wachache mno. Lakini alikubali kuwa mwanafunzi. Aliketi na kadhi wa Mombasa, Mwislamu, wakaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, na kwa miaka mingi alikusanya maneno kama wenyeji walivyoyatamka. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Wanaisimu wangali wanaitumia hadi leo.

Sisemi kwamba sarufi haina maana. Mtahiniwa wa KCSE akiandika batu atapoteza alama, na ni haki yake kuipoteza. Lakini mtihani ni mtihani, na ushuhuda ni ushuhuda. Mwalimu asiyeweza kuvitenganisha humfunza mtoto kunyamaza, awe Goma au Kakamega.

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Aliniandalia bugali, sombe na sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Nilipomaliza maneno yangu, alisema, "Haina shida, mwalimu. Kula." Nikala. Habari za watoto wake hakuzirudia, nami sikuwa na haki ya kumwuliza.

Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma mnamo Januari 2025, na tangu hapo kanisa letu halijatuma kikundi kingine huko. Njia itakapofunguka, nitaomba nijumuishwe tena. Sitaomba kuongoza semina. Nitaomba kiti cha nyuma, na mama yule akitaka kusimama, asimame aseme hadi mwisho.