Kasri la magurudumu: Dalali asifia marumaru, mama mdogo anusa kabati

UKILIONA linapita utadhani basi la Mwanza limepotea njia. Urefu futi 40, yaani mita 12 na ushei, injini iko nyuma, breki ni za upepo, na likiegeshwa linashusha pumzi pshiii kama lori la mafuta. Ila ndani, bwana, hakuna kondakta wala siti za watatu-wawili. Kuna makochi ya ngozi, jiko, bafu, choo, mashine ya kufulia na kitanda cha futi sita kwa sita. Ukibonyeza swichi, ukuta wa sebule unatoka nje taratibu kama droo ya kabati, na chumba kinapanuka mbele ya macho yako.

Mimi nayaita magari-nyumba. Hapa Marekani wazee wakistaafu huyanunua kama vile kwetu watu wanavyojenga kijijini. Na katika ukoo wetu mgonjwa wa mambo hayo ni baba yangu mdogo, mtu wa Tanga, dereva wa malori hapa Houston, Texas, kwa miaka 24. Mgongo umechoka, watoto wametawanyika, mmoja Columbus na mwingine Seattle, na wajukuu wanamjua babu yao kwa simu tu. Basi yeye na mama mdogo wakauza nyumba. Siyo kwamba wanataka kutanua wikiendi, la hasha, wanahamia humo moja kwa moja.

Mimi nilibebeshwa ukarani: kupekua matangazo, kupiga simu, kupiga picha. Hesabu yenyewe ilikuwa inatia baridi. Baada ya kulipa deni la nyumba na kuweka akiba kidogo ya uzeeni, zilibaki dola 85,000 za gari. Zikiliwa hizo hakuna nyingine, na mnunuzi wa nyumba alikuwa anataka funguo zake mwisho wa mwezi.

Ni bei ya kutupa, lakini ngoja

Gari-nyumba la kifahari la dizeli, jipya, ni zaidi ya nusu milioni ya dola. Yale yanayojengwa juu ya mabasi ya Prevost, kampuni ya Quebec kule Canada, yanavuka milioni 2. Hata Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ya Marekani analo moja, na alilinunua likiwa limeshatumika, mwaka 1999, kwa dola 267,230. Agosti 2023 gazeti la New York Times likafichua kwamba pesa zilitoka kwa rafiki yake, na maseneta wakaanza kuuliza kama mkopo ule ulilipwa wote au vipi. Kumbe hata jaji alinunua mtumba!

Likifika miaka ishirini, dude hilohilo linauzwa bei ya pikapu mpya. Sababu wala si siri. Hiki kitu ni lori na nyumba kwa pamoja, na nyumba yenyewe inapigwa tetemeko la ardhi kila inapotembea. Lori lina fundi wake, nyumba ina wake, na wote wawili wanadai kwa saa. Dizeli nayo usiseme. Ukipata maili 8 kwa galoni shukuru Mungu, hiyo ni kilometa 3 na nusu kwa lita. Kutoka Houston kwenda kumwona mjukuu Columbus ni karibu galoni 150, kwenda tu.

La kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa la mwaka 2006. Futi 42, vyumba vinne vya kusukumwa nje, sakafu ya marumaru, taa kama za hoteli, televisheni hadi pembeni mwa choo. Jina la gari na la yadi nayahifadhi, maana wakili sina. Bei dola 79,000. Dalali alikuwa kijana mtanashati, kiatu kinang'aa, na alipotaja maili 68,000 alisema kama mtu anayetangaza mshindi wa bahati nasibu.

Baba mdogo hakushtuka. "Mwanangu," akaninong'oneza kwa Kiswahili, "injini ya lori kwa maili 68,000 hata haijabalehe. Inayoniogopesha ni miaka iliyokaa bila kutembea."

Hapo mzee alikuwa kwenye fani yake. Akachutama na tochi, akaanza na tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tukakuta 3414, maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2014. Meno bado marefu, yanapendeza, lakini mpira umeshazeeka, na tairi la mbele likipasuka mwendo wa maili 65 kwa saa tani zaidi ya kumi na tano zinakwenda zinakotaka zenyewe. Na gari lile lilikuwa na tairi nane.

Akahamia nyuma. Magari-nyumba mengine rejeta liko ubavuni, mengine liko nyuma kabisa, na hilo la nyuma linapuliziwa vumbi na mvuke wa oili ya injini mpaka linafanya tope katikati, mahali usipopaona bila tochi. Likiziba, mlima wa kwanza tu injini inachemka. Kisha akauliza jenereta. Hiyo inatakiwa iwashwe kila mwezi na ipewe mzigo wa kubeba, iendeshe viyoyozi, siyo ikae bure. Dalali akasema atauliza.

Kiwanda kiko wapi?

Kuna jambo lingine ambalo macho hayalioni. Mwaka 2008 mafuta yalipanda, benki zikayumba, na mwaka 2009 wakubwa wa biashara hii wakaangukia mahakama ya ufilisi: Monaco na Country Coach za Oregon, na Fleetwood ya California. Majina mengine yalinunuliwa na wenye pesa, lakini kama gari lako ni la kabla ya hapo, kioo cha mbele, kitasa au kompyuta ya kusukuma ukuta unaweza kukitafuta kwa miezi kwenye makaburi ya magari. Caterpillar nao mwaka 2008 walitangaza kwamba wanajitoa kwenye injini za malori ya barabarani. Vipuri vyao bado vipo, lakini fundi wa kugusa injini ile kwenye gari-nyumba itabidi umtafute kwa tochi.

Utasema basi anunue jipya kidogo. Mzee hataki kusikia. Injini za kuanzia 2007 zina chujio la masizi, na za kuanzia 2010 zinatiwa urea ya kusafisha moshi. Mwaka 2021 na 2022 sensa za urea ziliadimika, na magari-nyumba ya bei mbaya yakaegeshwa wiki kwa wiki kwa ajili ya kidude cha kushika kwa mkono mmoja. Yeye anataka injini ambayo akiisikiliza anaielewa.

Wakati wanaume tunabishana uvunguni, mama mdogo yuko ndani, na moyo wake ulikuwa umeshahamia. Marumaru ile ilimteka, sitaki kuficha. Alikuwa anapanga sufuria zitakaa wapi. Akafungua kabati la juu ya kitanda, akanyamaza. Akafungua la pili. Akatuita.

"Njooni mnuse."

Yadi walikuwa wamepuliza manukato ndani mpaka kichwa kinauma. Chini ya manukato kulikuwa na kitu kingine. "Mimi nimekulia Tanga," akasema mama mdogo, "dari iliyovujiwa na masika siifichiwi na marashi." Baba mdogo akatoka nje, akaweka kiganja ukutani, usawa wa lile kabati, akasukuma. Ukuta ukabonyea na kurudi. Faibaglasi ya nje ilikuwa imeachana na plaiwudi, maji yameingia pembeni mwa chumba cha kusukumwa, na ugonjwa huo ukianza hauishii ulipouona. Kurekebisha ni kubomoa ukuta, na hakuna fundi anayeweza kukwambia bei kabla hajabomoa. Dalali akashusha dola 4,000 palepale, bila hata kuombwa. Hilo ndilo lililotuondoa.

La pili lilikuwa Foretravel la mwaka 2001, kwa mwalimu mstaafu, bei dola 62,000. Lina miaka mitano zaidi, fupi, chumba cha kusukumwa kimoja, zulia rangi ya maziwa yaliyoungua. Mama mdogo aliingia, akaangalia jiko, akatoka bila kusema neno, na anayemjua anajua maana yake.

Lakini mwalimu alikuwa na faili. Risiti zote tangu siku ya kwanza, oili, mikanda, breki, na tairi za mwaka juzi. Injini ni Cummins ISM ya lita 10.8, aina ambayo baba mdogo ameifungua mara nyingi kwenye malori. Na kiwanda kipo hai, Nacogdoches hapahapa Texas, kimeanza mwaka 1967. Kutoka Houston ni maili 140 hivi, unakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Nalo lina lake. Wenye magari haya ya zamani wanajua kuna boliti chini, zinazoshikanisha sehemu za fremu, ambazo kutu ikiingia ni balaa. Tukamlipa mkaguzi wa kujitegemea, asiyejuana na muuzaji, akaingia uvunguni siku nzima. Akachota oili ya injini na ya giaboksi, akapeleka maabara. Wanapima chembe za chuma, shaba na maji ya rejeta, kama vile hospitali wanavyopima damu. Majibu yakarudi safi, boliti nazo salama.

Ubaya ni umri. Baadhi ya viwanja vya kuegesha hawapokei gari lililozidi miaka kumi, na vingine vinadai picha kwanza. Mama mdogo alilishikilia hilo siku tatu. "Tutafukuzwa kama wachuuzi," akasema. Mzee akamwonyesha orodha ya viwanja vinavyopokea njia nzima hadi Columbus, akaongeza kwamba ukuta mkavu na zulia baya unaweza kulala humo, lakini ukuta mbovu na marumaru huwezi. Mama mdogo akajibu kwamba nani kasema atalala na zulia lile.

Mwalimu alikubali dola 57,500. Zimebaki 27,500, chini ya gharama za mkaguzi na usajili. Leseni si tatizo. Texas wanadai daraja B kwa gari la zaidi ya pauni 26,000, na mzee ana ya malori tayari.

Zulia linang'olewa wiki ijayo. Mama mdogo ameshachagua sakafu, na baba mdogo ameambiwa asiulize bei.