Krediti Ngapi Zitavuka?

Pale kwenye bandari kavu ya Isaka, kontena lililotoka bandari ya Dar es Salaam kwa reli hushushwa, nyaraka zake hukaguliwa, ndipo linapakiwa kwenye lori la kwenda Rwanda au Burundi. Mtoto aliyekulia karibu na bandari kavu ile anajua kwamba mzigo usio na karatasi hulala uwanjani, hata uwe na thamani gani. Nimefanya kazi ya udahili wa vyuo vikuu kwa miaka mingi, na kila msimu nakutana na vijana wa Msalala, Kahama na Geita waliohama chuo wakiwa wameishika barua ya kukubaliwa tu. Mzigo wenyewe, yaani masomo waliyokwisha kuyafaulu, wameuacha njiani.

Mzigo huo hupimwa kwa krediti. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na humo mnahesabiwa mihadhara, mazoezi na muda wa kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, na uhandisi wa miaka minne ni 480. Kanuni ya kawaida ni kwamba chuo kinachokutunuku shahada ndicho kikufundishe angalau nusu ya krediti zake. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukuonyesha saa ya kuhama. Kwenye shahada ya miaka mitatu, ukishapita katikati ya mwaka wa pili, kila semesta unayoongeza chuo cha zamani utakuja kuirudia chuo kipya.

Tuchukue binti wa Isaka anayesoma uhandisi wa migodi Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa kwanza ameumaliza vizuri, na sasa anataka kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha fani hiyo hiyo. Kwao Msalala ndiko uliko mgodi wa Bulyanhulu, kwa hiyo anajua anachokitafuta. Stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo hazitamsumbua, kwa sababu hufundishwa karibu kila chuo na hufanana. Shida huanzia kwenye hisabati. Chuo kimoja hufundisha kalkulasi yote kwa semesta moja, kingine huigawa mara mbili na kuichanganya na aljebra. Mkuu wa idara anayempokea huweka mihtasari ya kozi ubavu kwa ubavu, mada kwa mada, saa kwa saa. Mada zikipungua, kozi haivuki, hata kama alipata A. Na kozi aliyoifaulu kwa alama ya mwisho mwisho inaweza kukataliwa hata mada zote zikiwa sawasawa. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi watunze mihtasari ya kozi zao tangu siku ya kwanza, ikiwa na mhuri wa idara. Transkripti inaonyesha jina la kozi na alama, haionyeshi kilichofundishwa.

Liko jambo jingine linalowaumiza wengi, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Kijana aliyekosa kozi yenye ushindani mkubwa huingia chuo chenye nafasi, anapata GPA nzuri mwaka wa kwanza, kisha anaamini alama hizo zimefuta matokeo yake ya kidato cha sita. Hazikuyafuta. Anayeomba kuhama hupimwa kwanza kwa sifa zile zile za kuingilia kozi anayoitaka. Kama pointi zake za kidato cha sita hazikutosha mwezi wa udahili, hazitatosha mwezi wa uhamisho. Marekani mambo ni tofauti. California, kwa mpango wake wa mwaka 1960, ilivipanga vyuo vyake vya miaka miwili viwe njia rasmi ya kuingilia vyuo vikuu vya jimbo, na alama za chuo cha kwanza ndizo zinazofungua mlango. Kijana wetu anayesoma habari za huko kwenye simu yake anachukua kanuni ya wengine na kuja kuitumia hapa. Huko pia anayehamia chuo cha umma cha jimbo jingine hutozwa ada kubwa zaidi, kwa kuwa wazazi wake hawakulipa kodi jimboni humo. Sisi hatuna mpaka wa aina hiyo. Mtoto wa Shinyanga hulipa ada sawa na mtoto wa Temeke. Gharama yake iko kwenye nauli, chumba na chakula.

Hapo ndipo linapokuja suala la mkopo. Tangu mwaka 2017 maombi ya udahili hupelekwa moja kwa moja vyuoni, na uhamisho nao huanzia kwenye chuo kinachokupokea, kisha TCU huuthibitisha. Bodi ya Mikopo ni ofisi nyingine kabisa. Jina lako likibaki kwenye orodha ya chuo ulichoondoka, bumu, yaani fedha ya kujikimu, litachelewa, nawe uko Dar es Salaam bila ndugu. Nenda dawati la mikopo la vyuo vyote viwili kabla hujafunga sanduku. Na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, asidhani uhamisho ni mlango wake. Huo ni wa mwanafunzi ambaye bado yumo darasani.

Je, kuhama ni kosa? Hapana. Miaka ya 1960, Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilipokuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Mkenya alikuja Dar es Salaam kusoma sheria na Mtanzania alikwenda Makerere kusoma udaktari au Nairobi kusoma uhandisi. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, sheria aliisomea Dar es Salaam. Waliifuata fani mahali ilipofundishwa. Kuhama kwa sababu hiyo nakuunga mkono kwa moyo wote. Wapo pia wanaohama kwa kulazimika: Februari 2016, TCU ilipofuta vibali vya kampasi za Songea za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, wanafunzi wake walihamishiwa vyuo vingine. Kwa hiyo ithibati ya chuo na ya kozi ichunguzwe kabla ya sifa za mtaani.

Ninachokipinga ni kuhama kwa ajili ya jina. Anayetaka kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi anahitaji shahada inayotambuliwa, na ya Dodoma inatambuliwa kama ya Dar es Salaam. Binti yetu wa Isaka akihama na kozi nne zikakataliwa, wenzake aliowaacha Dodoma watavaa majoho mwaka mmoja kabla yake.

Mzazi uliye Isaka, kabla hujauza ng'ombe wa ada, mwambie mwanao akuletee barua ya chuo kipya iliyotaja kozi moja moja zilizokubaliwa na idadi ya krediti zake, yenye saini na mhuri. Kama barua hiyo haijatoka, ng'ombe abaki zizini.