Bunduki, Risasi na Uhalali wa Nyama ya Mawindo

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Mola aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatuharamishia vilivyo vibaya. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baad. Muislamu anayeishi Makumira, Usa River au kokote kwenye miteremko ya Mlima Meru hayuko mbali na suala la mawindo. Jirani yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mjini Arusha zipo ofisi za kampuni za uwindaji wa kitalii. Mbele zaidi ziko nyika za Longido, Monduli na Simanjiro, wanakopatikana pofu, swala na wengineo. Tena, tangu kanuni za Serikali za mwaka 2020 zilipofungua njia ya mabucha ya nyamapori, nyama hiyo yaweza kumfikia mtu kwa njia ya wazi, ameinunua sokoni au ameletewa na jirani.

Hapo huzuka maswali mawili. La kwanza: je, mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kufikiwa na kisu ni halali? La pili: kama ni halali, je, ni kwa bunduki yoyote na risasi yoyote? Wengi huuliza la kwanza na kulisahau la pili, ilhali jibu la kwanza linategemea la pili. In shaa Allah tutayaeleza yote mawili.

ASILI YA HUKUMU

Mnyama wa kufugwa huchinjwa. Mnyama wa porini asiyeshikika, sheria imemfanyia wepesi: jeraha la silaha ya mwindaji, popote lilipompata mwilini, husimama mahali pa kuchinja. Uhalali wa mawindo umetajwa katika Suratul Maidah (5:4). Lakini aya iliyotangulia (5:3) imemtaja miongoni mwa walioharamishwa mawqudha, yaani mnyama aliyekufa kwa kipigo cha kitu kizito kisichochoma wala kukata, kama rungu au jiwe. Paa aliyegongwa na gari katika barabara ya Arusha na Moshi akafa papo hapo, huyo ni katika jinsi hiyo.

Mpaka baina ya hawa wawili aliuweka Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Adiy bin Hatim (r.a.), mtu wa kabila la Tayi aliyekuwa mwindaji. Aliuliza juu ya mi'radh, fimbo nzito ya kurushwa. Muhtasari wa jibu, kama ulivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kuwa iliyemchoma mnyama na kupenya, na aliwe. Iliyempiga kwa ubavu wake akafa, huyo ni wa kipigo, asiliwe.

Tuitazame vizuri hadithi hii, kwani ndiyo nguzo ya maelezo yetu yote. Chombo ni kimoja, mrushaji ni mmoja, na Bismillahi ni moja. Kilichotenganisha halali na haramu ni namna jeraha lilivyopatikana: kupenya au kuponda.

KAULI ZA WANACHUONI KUHUSU RISASI

Katika vitabu vya zamani neno bunduq lilikuwa ni kidonge cha udongo kinachorushwa kwa upinde. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba mnyama aliyeuawa kwa kidonge hicho ni mawqudha. Baruti ilipoenea, jina hilo likahamia kwenye silaha ya moto, na ikhtilafu ikaanza.

Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 Hijria), ambaye kitabu chake Tuhfatul Muhtaj ni tegemeo la Mashafii wa mwambao wetu, alikataza kumpiga mnyama kwa risasi ya moto, kwa kuwa humuua upesi kabla hajachinjwa. Aliacha nafasi ndogo kwa fundi hodari ajuaye kuwa atamjeruhi tu mnyama mkubwa ili amdiriki. Ibn Abidin (1252 Hijria) katika Mahanafi naye alikataza, akiona kwamba risasi huua kwa kuunguza na kwa uzito wa msukumo wake, nayo haina makali.

Upande wa pili, Ad-Dardir (1201 Hijria) katika Wamaliki aliruhusu. Ash-Shawkani wa Yemen (1250 Hijria) aliruhusu pia, akatoa hoja kuwa risasi huchoma, na aghlabu huingilia upande huu na kutokea upande ule. Wanachuoni wengi wa zama zetu, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha Halali na Haramu, wameifuata kauli hii ya ruhusa.

Je, tuseme kwamba Ibn Hajar alikosea? Hapana. Tutazame alichokuwa akikihukumu. Katika zama zake, na hata katika zama za Ibn Abidin, risasi iliyozoeleka ilikuwa tufe la madini ya risasi lililosukumwa na baruti nyeusi kutoka mtutu ambao kwa kawaida ulikuwa laini ndani. Risasi yenye umbo la pia, iliyobuniwa na Mfaransa Claude-Étienne Minié mwaka 1849, ilienea baada ya wote hao kufariki. Baruti isiyo na moshi ilianza kutumika katika bunduki ya jeshi la Ufaransa mwaka 1886. Bunduki ya leo ina mifereji ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili iende ncha mbele, na kasi yake hupita mara mbili ya kasi ya sauti. Chombo kimebadilika, lakini illa ya hukumu ni ile ile: kupenya au kuponda. Kwa hiyo tunaona kuwa kauli ya ruhusa ndiyo yenye nguvu, kwa sharti kwamba risasi yenyewe iwe ya kupenya. Na sharti hilo ndilo linaloufanya uchaguzi wa bunduki kuwa mlango wa fiqhi.

KUCHAGUA BUNDUKI

Kule Marekani wawindaji hubishana sana juu ya bunduki inayomfaa elki, kulungu mkubwa ambaye dume lake huwa na kilo 300 na zaidi. Sisi tunaye pofu, mkubwa kuliko swala wote, ambaye dume lake laweza kufika kilo 900. Mwenye kumkusudia mnyama huyu kwa bunduki ndogo anajitafutia mzoga.

Kaliba ya .22, ambayo risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6, inatosha kwa sungura na kanga. Kwa pofu au kuro itaingia kidogo, na mnyama atakimbia na jeraha afie asikoonekana.

Kaliba ya .30-06, iliyopewa jina kwa mwaka wake wa 1906, hurusha risasi ya gramu 11.7 kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Hiyo yatosha kwa swala pala, kongoni na kuro, na kwa pofu pia ikiwa mpigaji ni hodari na umbali ni mdogo. Kadiri umbali unavyozidi ndivyo nguvu inavyopungua. Kufikia mita 300 theluthi moja au zaidi huwa imekwisha.

Kaliba ya .375 H&H, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19.4 kwa kasi ya mita 770 hivi. Katika nchi zetu hii ndiyo inayohesabiwa kuwa kiwango cha chini kwa nyati na wanyama wengine wa hatari, nayo kwa pofu inatosha bila wasiwasi. Zilizo kubwa zaidi, kama .458 iliyotoka mwaka 1956, ni za nyati na tembo. Teke lake humtisha asiyeizoea, akafumba macho kabla ya kufyatua. Bunduki bora kwa mtu ni ile kubwa kadiri anavyoweza kuimudu bila woga.

Hapa inaingia hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) iliyo katika Sahih Muslim, kwamba Allah ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake ampumzishe mnyama. Kwa mwindaji, kunoa kisu ni kuisahihisha shabaha ya bunduki kabla ya safari, kwa kulenga ubao au karatasi kwenye mita 100. Asilenge kiumbe chenye roho kwa mazoezi, maana Mtume (s.a.w.) amekataza kumfanya mnyama shabaha.

Ama gobori, ambalo vijijini hushindiliwa hata vipande vya nondo, na bunduki ya marisau, hukumu yake hufuata jeraha. Marisau yaliyompata kanga kwa karibu yakapenya ni kama mshale. Yaliyomfikia yamechoka, yakamwangusha kwa kumgonga tu bila kuchoma, ni kama kidonge cha Ibn Umar. Na manati ya watoto wetu hayahitaji mjadala: ndege aliyeuawa na jiwe haliwi, isipokuwa amekutwa hai akachinjwa.

KUCHAGUA RISASI

Watu huuliza bunduki na kusahau risasi, na hali risasi ndiyo inayomgusa mnyama.

Ipo yenye ncha laini: ndani madini ya risasi, nje gamba la shaba, na ncha imeachwa wazi. Ikishaingia mwilini hufunguka mithili ya uyoga, ikapanua jeraha na kumwaga damu nyingi. Hii ndiyo inayofaa kwa jamii ya swala. Mtu aweza kuhoji: je, kufunguka huko si kuponda? Jibu ni kwamba imeshapenya ngozi na nyama kabla ya kufunguka, na mauti yanatokana na jeraha na damu. Hadithi ya Rafi' bin Khadij (r.a.) imetaja kumwagika kwa damu kuwa ndiyo alama.

Ipo ya gamba zima, isiyofunguka. Hufika mbali ndani ya mnyama mwenye ngozi nene kama nyati, lakini kwa swala hupita moja kwa moja na kuacha tundu jembamba, naye akakimbia mbali. Tena yaweza kumtoka wa kwanza ikampata wa nyuma yake. Mafaqihi wamesema huyo wa pili naye ni halali, kwani katika mawindo Bismillahi hufungamana na chombo kilichorushwa. Lakini mwenye kibali cha mnyama mmoja atakuwa amevunja sharti la kibali chake.

Ipo ya kusambaratika, iliyotengenezwa kwa wanyama waharibifu wadogo. Kwa mnyama mkubwa hupasuka juu juu, haifiki kwenye moyo wala mapafu. Hii iachwe.

Tahadhari nyingine ni risasi iliyogonga jiwe au kupita kichakani. Ikipoteza mwelekeo, yaweza kumfikia mnyama kwa ubavu, na hapo tumerudi kwenye mi'radh ya Adiy. Tena kanuni ya Mashafii ni kwamba sababu ya halali na ya haramu zikishirikiana katika mauti, haramu hutangulizwa.

Liko pia suala la afya. Madini ya risasi ni sumu, na vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho husambaa mbali na tundu la jeraha. Kwa ajili hiyo jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote kuanzia mwaka 2019. Anayeweza kupata risasi ya shaba tupu na aichague. Asiyeweza, akate na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, asiwape watoto wala wajawazito. Tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri pamoja.

BISMILLAHI, KISU NA KUFUATILIA

Bismillahi husomwa wakati wa kufyatua. Kwa Imam Shafii ni sunna. Kwa Mahanafi na Wamaliki ni wajibu kwa mwenye kukumbuka. Na kauli mashuhuri ya Mahanbali ni kwamba katika mawindo hata aliyesahau hana udhuru. Mwenye kutaka kutoka katika ikhtilafu aisome kwa kila risasi.

Alengwe nyuma ya bega, palipo na moyo na mapafu. Kisha mwindaji amwendee mnyama haraka na kisu kiunoni. Akimkuta na uhai uliotulia, ni lazima amchinje. Akizembea mpaka akafa, hali. Akimkuta amekufa kwa jeraha la risasi yake, ni halali. Akimkuta amezama majini, asimle, kwani hajui ni risasi iliyomuua au ni maji, kama alivyoelekezwa Adiy (r.a.).

RUHUSA YA MAMLAKA

Mtume (s.a.w.) alikataza kuwinda katika haram ya Madina, na akatenga malisho ya Naqi' kwa maslahi ya Waislamu wote. Basi kuhifadhi eneo si jambo geni katika dini yetu. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua. Leo kwetu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na ndani ya hifadhi za taifa, ikiwemo hii ya Arusha iliyoanzishwa 1960, hakuna kuwinda. Silaha nayo ina leseni yake chini ya sheria ya mwaka 2015.

Aliyewinda bila kibali akatimiza masharti ya mawindo, mnyama wake hageuki mzoga, kama ambavyo kisu cha kunyang'anya hakibatilishi kuchinja. Lakini dhambi ya kuasi na kudhulumu mali ya umma inabaki shingoni mwake, na anayenunua kwake huku akijua anamsaidia katika uovu. Tukumbuke pia kwamba Makumira ni nchi ya migomba, kahawa na nyumba za watu, na risasi ya .30-06 iliyokosa shabaha yaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Damu ya mja mmoja haifidiwi na pofu elfu.

NYAMA UNAYOLETEWA

Imamu akiulizwa kuhusu nyama ya mawindo, naye aulize matano: Ni mnyama gani, maana ngiri na nguruwe pori havina mjadala? Nani alimpiga? Alipigwa kwa nini, na je, kilipenya? Alikutwa hai au amekufa? Na je, kuna kibali? Jamhuri ya wanachuoni wamehalalisha mawindo ya Ahlul Kitabi, isipokuwa Imam Malik aliyeyazuia. Na Mashafii wana masharti ya nasaba ambayo wengi wa zama hizi hawakuyashikilia. Jirani Mkristo aliyeleta zawadi aulizwe kwa upole na ashukuriwe, hata kama nyama haikuliwa.

Kwa ufupi, risasi ya leo inahalalisha mawindo pale inapopenya. Aliyebeba bunduki ndogo kwa mnyama mkubwa, au risasi isiyofaa, ameiweka halali yake na ya atakaowalisha katika shaka kabla hajatoka nyumbani. Mnyama huyu hana wakili ila khofu ya Mungu iliyo moyoni mwa mwenye kidole kwenye kifyatulio.

Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.