Programu Tatu za Kuendesha Wingu la Kompyuta: Ipi Yafaa Kilosa na Mikumi?

Njia ya reli iliyojengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi huishia Kidatu, mahali inapokutana na reli ya TAZARA. Hata hivyo, behewa la Reli ya Kati haliwezi kuvuka hapo na kuendelea na safari. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma vyake viwili, na TAZARA ina milimita 1,067. Kwa sababu ya milimita 67 tu, shehena hulazimika kupakuliwa na kupakiwa upya. Siku hizi Kilosa hupitiwa pia na reli ya tatu, ile ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma.

Uamuzi juu ya upana wa reli, ukishafanywa, huwafunga hata wajukuu. Uamuzi wa namna hiyo hiyo unahitajika sasa katika kompyuta: ni programu ipi itakayosimamia mashine zinazotunza kumbukumbu za hospitali, shule na halmashauri?

Wingu ni nini?

Wingu la kompyuta haliko angani. Ni chumba chenye kompyuta zenye nguvu, ziitwazo seva, ambazo watu hutumia kutoka mbali kwa njia ya mtandao. Ndani ya kila seva huwekwa programu iitwayo haipavaiza, ambayo huigawa seva moja kuwa kompyuta pepe kadhaa. Kila kompyuta pepe hujiona kuwa ni mashine kamili, ingawa kwa kweli ni sehemu tu ya seva. Wazo hili si geni, kwani IBM ilikuwa imekwisha kulitekeleza katika miaka ya 1960. Haipavaiza mashuhuri ya leo, KVM, iliingizwa katika Linux mwaka 2007.

Chukua mfano wa seva moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64. Hospitali ya Mikumi ikihitaji 8, shule ya sekondari 4 na halmashauri ya Kilosa 16, jumla ni 28. Zinabaki 36 kwa matumizi mengine na kwa mahitaji ya seva yenyewe. Pasipo mgawanyo huu, taasisi tatu zingenunua mashine tatu, na kila moja ingekaa bila kazi kwa sehemu kubwa ya siku.

Seva zikiwa kumi au mia, hahitajiki tena mtu wa kukumbuka nani yuko wapi. Huhitajika programu ya kupanga kompyuta pepe, kuziunganisha na mtandao, kuzipa diski na kuwatambua watumiaji. Zipo za kununuliwa, na zipo zilizo huria, yaani zile ambazo mtu yeyote aruhusiwa kusoma maandishi yake ya ndani, kuyarekebisha na kuyagawa bila ada ya leseni. Tofauti hiyo ilionekana wazi baada ya Novemba 2023, Broadcom ilipoinunua kampuni ya VMware: uuzaji wa leseni za kudumu ulikomeshwa, na wateja wakatakiwa kulipia leseni za muda.

Programu tatu

OpenStack ilianzishwa mwaka 2010 na shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace. Imeundwa kwa huduma nyingi zinazojitegemea: Nova huendesha kompyuta pepe, Neutron husimamia mtandao, Cinder hutoa diski, na Keystone hutambua watumiaji. Huduma hizo hupelekeana ujumbe kama idara za wizara kubwa. Faida yake ni upeo mpana: kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi kimeitumia tangu 2013 kuendesha maelfu ya seva. Hasara yake ni kwamba idara moja ikikwama, fundi hana budi kujua ni ipi na kwa nini.

CloudStack ilipitia mikononi mwa kampuni ya Citrix, ambayo mwaka 2012 iliikabidhi kwa Apache Software Foundation. Yenyewe hukusanya kazi karibu zote katika programu moja ya usimamizi na hazina moja ya data, na huzipanga seva kwa kanda na makundi. Huja na mengi yakiwa tayari, ila hutoa nafasi ndogo zaidi ya kubadili sehemu moja moja.

OpenNebula ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Complutense, Madrid, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Ni nyepesi kuliko zile mbili: mashine moja ya mbele hutuma amri kwa seva nyingine kwa njia ya SSH, ambayo tayari imo katika Linux. Kampuni inayoiendeleza huuza pia toleo la kulipiwa, na yafaa taasisi ijue mapema ni huduma zipi zimo katika toleo lipi.

Kipimo cha mikono

Tanzania ina fundisho lake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mashine zilikuwa za gharama kubwa, wataalamu wa nyumbani walikuwa wachache, na matokeo yaliyotarajiwa hayakupatikana. Programu huria haitozi ada ya leseni, lakini yadai ujuzi. Kwa hiyo swali la kwanza si lenye kuuliza ni programu ipi yenye uwezo mkubwa zaidi, bali ni ipi ambayo mafundi waliopo wataweza kuifufua usiku itakapozimika.

Mafuriko na kanuni ya wingi

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaingia mjini Kilosa na kubomoa reli. Kumbukumbu zilizo mahali pamoja zina hatari hiyo hiyo. Mei 2024 mikongo ya baharini ilikatika, na mawasiliano ya Tanzania na dunia yakazorota sana. Wingu lililo ndani ya nchi laweza kuendelea kuhudumia watu wake katika hali kama hiyo, mradi njia za ndani ziwe nzima.

Je, yatosha kuweka msimamizi mmoja Kilosa na mwingine Mikumi? Haitoshi. Njia baina yao ikikatika, kila mmoja aweza kudhani mwenzake amekufa. Wote wawili wakiiwasha kompyuta pepe ile ile juu ya diski moja, data huharibika. Ndiyo sababu OpenNebula, inapoendeshwa na wasimamizi kadhaa, hufuata kanuni ya wingi: amri haipiti mpaka zaidi ya nusu ya wasimamizi wote wakubaliane. Wakiwa watatu, wawili wanatosha. Lakini wakiwekwa wawili Kilosa na mmoja Mikumi, mafuriko ya Kilosa humwacha mmoja asiyeweza kuamua lolote. Akiwekwa mmoja Kilosa, mmoja Mikumi na mmoja Morogoro, mji wowote mmoja ukipotea, wawili hubaki kazini. Hata hivyo, mpango huo huhitaji mawasiliano ya haraka kati ya miji hiyo.

Hitimisho

Kwa wilaya yenye seva chache na mafundi wachache, OpenNebula au CloudStack ndiyo yenye kufaa. OpenStack yastahili kituo kikubwa chenye kikosi cha wataalamu. Jambo la faraja ni kwamba zote tatu hutumia KVM, na diski ya kompyuta pepe yaweza kuhifadhiwa katika muundo mmoja ulio huria, qcow2. Shehena basi yaweza kuvuka. Kisichovuka kwa urahisi ni taratibu za stesheni: mipango ya mtandao, ruhusa za watumiaji na hesabu za matumizi. Hizo ziandikwe zote tangu siku ya kwanza, ili atakayehama asianze upya kama shehena ya Kidatu.

Maswali ya darasani

1. Seva mbili zina gigabaiti 64 kila moja. Moja ikiharibika, ni jumla gani ya kompyuta pepe ambayo haipaswi kupitwa ili zote ziendelee kufanya kazi?
2. Wasimamizi wakiwa watano, wangapi wanaweza kupotea bila kazi kusimama? Wakiwa wanne je? Eleza kwa nini idadi witiri hupendelewa.