Mandhari ya Nairobi kwa vijiti vya pasteli

Mandhari ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kutazama. Mandhari, basi, ni kile kitazamwacho. Lakini Nairobi, msomaji wangu, ni mji wa watu wapitao. Kila mmoja ameshika njia yake, jicho moja kwa matatu na jingine kwa mfuko wake, na ni wachache mno wasimamao wakatazama. Kwa ajili hiyo jirani yangu, karani mstaafu wa mahakama, aliponiambia kwamba wako watu wazima na akili zao wakutanao kila Jumamosi asubuhi kuchora vilima na miti, nilifuatana naye nikitafuta habari ya kuandika. Habari yenyewe imechukua mwaka na nusu, kwa kuwa siku ile ile nilitiwa mkononi karatasi na kijiti cha rangi, na tangu hapo nimekuwa mwanafunzi miongoni mwa wanafunzi.

Makutano yetu aghalabu huwa katika bustani ya miti ya Arboretum, karibu na Ikulu, pale mji unapoanza kugeuka kuwa Kileleshwa na Kilimani. Bustani hii ilianzwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu ni miti gani ya kigeni ingestawi katika ardhi ya huku, na leo ni hekta 30 hivi za vivuli. Tu watu kumi, pengine kumi na mbili. Kikundi hakina jina, hakina mwenyekiti wala mweka hazina, jambo ambalo kwa Kenya ni karibu na muujiza. Yuko muuguzi aliyestaafu, yuko kijana atengenezaye simu kibandani katikati ya mji, yuko mama auzaye maua, na huyo karani wangu. Atufundishaye ni bibi mmoja aliyesomea sanaa, na malipo yake ni chai na mahamri.

Tuchoreacho ni pasteli laini. Asiyezijua huzidhania chaki za shule, na mimi pia nilidhani hivyo. Pasteli ni unga wa rangi wenyewe uliosagwa, ukachanganywa na chokaa kidogo na gundi kidogo mno, kisha ukaviringishwa na kuachwa ukauke. Kwa kuwa gundi ni haba, rangi haifichiki. Hung'aa kama ilivyo, na hukuachia vumbi vidoleni, mikononi mwa kanzu na hata ndevuni. Bibi Rosalba Carriera wa Venice aliwachora wakubwa wa Ulaya kwa vijiti hivi katika karne ya kumi na nane, na Mfaransa Degas, ajulikanaye zaidi kwa picha za wacheza dansi, alichora mandhari kwa pasteli katika miaka ya 1890. Lakini lililonifurahisha mimi ni habari ya gundi. Ile iliyozoeleka tangu zamani hutoka katika kichaka kimeacho Uajemi. Kumbe bidhaa yenyewe ni ya njia ile ile iliyotuletea tende na mazulia!

Fundisho la kwanza lilikuwa kufinya macho. Ukiyafinya, majani hupotea, na badala ya mti mwenye majani elfu unaona fungu moja la giza na fungu moja la mwanga. Hayo mafungu ndiyo huwekwa kwanza, giza kabla ya mwanga, vijiti vigumu kabla ya laini. Mimi niliyezoea mizani na vina nililielewa hili upesi: mtunzi hatii pambo kabla ya kujua ubeti utasimama juu ya nini.

Fundisho la pili lilinisumbua zaidi. Mwalimu alitupandisha juu ya jengo la KICC, lile la mviringo lenye ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, akatuelekeza kusini-magharibi. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamefunguka, na vilima vya Ngong vimeonekana vyote. Akauliza, "Ngong ni rangi gani?" Karibu sote tukajibu kijani, kwani sote tumefika Ngong, na nyasi zake tumezikalia. Akatuambia tusimwambie tunachokijua, tumwambie tunachokiona. Naam, vilikuwa samawati, na penye kivuli vilikuwa zambarau. Hewa iliyo baina yako na kilima ndiyo ifanyayo hivyo: kadiri kitu kinavyokuwa mbali, ndivyo rangi yake inavyopauka na kuelekea ubuluu, na wekundu na umanjano wa karibu hubaki miguuni pako. Mabati ya Kibera, yaliyo katikati ya mji na vilima, yalikuwa na rangi ya njiwa.

Na kijani hasa, kile cha karibu, ni kazi ngumu. Kijiti cha kijani kitokacho dukani hupiga kelele kama ndoo ya plastiki. Dawa yake ni kutandaza kwanza wekundu wa udongo, kisha kupitisha kijani juu yake kwa mkono mwepesi, bila ya kusugua, wekundu uchungulie. Huku udongo ni mwekundu kweli, kwa hiyo hila hiyo ya wachoraji imekuwa pia ni ukweli wa mahali.

Labda msomaji wa kwetu pwani ameshaanza kuniuliza swali ambalo nami nilijiuliza. Mimi nimelelewa chuoni, juzuu mkononi, na nilifundishwa mapema kwamba Musawwir ni jina la Mwenyezi Mungu. Mtu akishika kijiti na kuumba sura, anashindana na nani? Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mtu aliyekuwa akila kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas kumwuliza. Akasomewa onyo la Mtume (S.A.W.), akabadilika uso. Ibn Abbas akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na kila kitu kisicho na roho. Na katika msikiti mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid mwanzoni mwa karne ya nane, kuta zilipambwa kwa vijiwe vya rangi vikionyesha mito, miti na majumba, bila ya mtu wala mnyama hata mmoja. Kwa hiyo mandhari nimeichagua kwa hoja, sikuichagua kwa uzembe.

Lakini hoja hiyo ilipata mtihani Kangemi. Tulikuwa tumesimama upande wa Mountain View tukitazama bondeni, mabati juu ya mabati, moshi wa asubuhi ukipanda. Desturi yetu ni kulaza karatasi majanini baada ya saa mbili na kila mmoja kusema neno juu ya kazi ya mwenzake, mfano wa barazani malenga wanapopimana. Muuguzi akasimama juu ya yangu kwa muda.

"Ustadhi," akasema, "hii Kangemi yako watu wamehama?"

Nikamweleza habari ya Damascus, tena kwa kirefu.

"Damascus sijafika, Ustadhi. Kangemi ndiko ninakokaa."

Sote tulicheka, lakini neno lake lilikuwa zito. Bonde lile lina watu tele, na picha isiyowaonyesha ina upungufu hata kama sheria imeridhika. Wako wanazuoni walioona kwamba umbo lisilo na kichwa wala uso halihesabiwi kuwa sura; mimi sikupenda kuingia mlango huo. Tangu siku ile huchora nguo zilizoanikwa, miavuli ya wauza mboga, moshi wa meko, mlango ulioachwa wazi. Watu wanajulikana kwa vitu vyao. Muuguzi husema ni afadhali, lakini haridhiki.

Na kuna jambo jingine litufanyalo tuharakishe. Mandhari za mji huu haziwangoji wachoraji. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, na kama si Wangari Maathai na wenziwe kupiga kelele, leo tungekuwa tunachora saruji. Barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Kwa ajili yake ilikatwa miti mingi, na nguzo zake zimekata mtazamo wa Uhuru Highway vipande viwili. Sisemi barabara haina faida. Mimi mwenyewe hukwenda uwanja wa ndege. Nasema kwamba aliyepachora mahali pale mwaka 2018 anacho kitu ambacho mimi sitakipata.

Mti mmoja ulisalimika. Ni mugumo wa Waiyaki Way, pale Westlands, wenye umri wa karne moja hivi na kimo cha nyumba ya ghorofa nne, uliotakiwa kuondolewa kuipisha barabara hiyo. Mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa heshima kubwa, na watu walilalamika hata Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri mwezi wa Novemba 2020 kwamba usiguswe. Tuliuendea Jumamosi mbili mfululizo. Magari yalinguruma, vumbi la njia likachanganyika na vumbi letu. Kijana wa simu aliuchora mti wote pamoja na nguzo za saruji. Mama wa maua alichora mizizi tu. Mimi nilishughulika na kivuli chake, ambacho adhuhuri kilikuwa samawati iliyoiva.

Muuguzi alichora mti mkubwa sana, na chini yake nukta ndogo nyeupe.

"Hiyo nini, Mama?"

"Ni wewe, Ustadhi, na kanzu yako. Uso sikukutia, kwa hiyo usinishitaki."

Nilimwomba aniuzie, akataka shilingi mia tano. Pasteli haikai ukutani bila ya kioo, kwa kuwa vumbi halishikani sana na karatasi, na dawa ya kuligandisha hufifisha rangi. Fundi wa fremu wa Kawangware alinitoza elfu moja na mia mbili.