Askari wa Dar es Salaam Akumbukwa Berlin

Katika njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin, mbele ya nyumba nambari 193 ya barabara ya Brunnenstraße, limetiwa jiwe dogo lenye upana wa sentimita 10. Juu yake pana bamba la shaba lenye jina la askari wa Kiafrika, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Habari zake zawahusu askari wa Arua na Koboko. Katika miji hiyo wanaishi Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, Mjerumani aliyetawala Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Baba yake Mahjub naye alikuwa askari wa Kisudani, akiwatumikia Wajerumani katika pwani ya Tanganyika.

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Vita vilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake, naye ni mtoto wa miaka 10. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alikataliwa. Alibaki huko, akahudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu zaidi ya 20. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, nayo akanyimwa. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ilimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu. Bila ya kuhukumiwa, alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Jiwe hilo lilitiwa mwaka 2007. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, ambaye mawe yake sasa yapita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya, kila jiwe na jina la mtu mmoja aliyeteswa na utawala ule. Atakaye kulisoma hana budi kuinamisha kichwa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni kubwa na nzuri, lakini haimtaji askari hata mmoja.

Waafrika wa Berlin na wenzao Wajerumani wamedai mengine pia. Mwaka 2024, baada ya madai ya miaka mingi, sehemu ya barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939 iliitwa Maji-Maji-Allee.

Kwetu sisi tuvaao sare, funzo ni wazi: jina la askari liandikwe sawasawa daftarini, na haki yake aipate angali hai.