Safu na Objekti katika JavaScript: Maelezo ya Kiswahili kwa Wanaoanza Mjini Juba

Mjini Juba, Kiarabu cha Juba husikika sokoni Konyo Konyo, Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kazi kwa mujibu wa Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, na Kiswahili kimepata msukumo mpya tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Anayeanza kuandika programu katika mazingira hayo hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: dhana ngeni na lugha inayoieleza. Makala haya yanaeleza dhana mbili za JavaScript, lugha iliyoundwa na Brendan Eich mwaka 1995, ambazo istilahi isiyofaa huweza kumpotosha mwanafunzi mapema.

Safu ni thamani zilizopangwa kwa mfuatano chini ya jina moja:

let miji = ["Juba", "Wau", "Malakal"];

Neno let halibadiliki, lakini jina miji ni hiari ya mwandishi, na Kiswahili kinakubalika. Utata huanzia kwenye kuhesabu. Juba hupatikana kwa miji[0], wala si miji[1]. Saa ya Kiswahili inatoa kielelezo kizuri hapa. Saa moja asubuhi haimaanishi kwamba saa ya kwanza ndiyo inaanza. Maana yake ni kwamba saa moja imekwisha kupita tangu kupambazuka. Vivyo hivyo, namba iliyo ndani ya mabano hupima umbali kutoka mwanzo: kabla ya Juba hakuna mji, kabla ya Wau upo mmoja. Kielelezo hiki kina mpaka wake, kwa kuwa saa ya Kiswahili haina sifuri, na mwanafunzi aliyezoea saa ya Kiarabu au ya Kiingereza atahitaji kuelezwa kwanza. Hata hivyo kinafaa kuliko kukariri kanuni. Urefu, yaani miji.length, ni 3, ilhali namba ya mwisho ni 2. Anayeomba miji[3] haonyeshwi kosa lolote. Hupewa undefined, na programu huendelea kimya na jibu tupu.

Katika objekti, thamani hutambuliwa kwa jina la sifa, si kwa nafasi:

let mji = { jina: "Juba", jimbo: "Ikwatoria ya Kati" };

Hapa mji.jimbo huleta "Ikwatoria ya Kati". Istilahi yambwa na shamirisho zinavutia, lakini ni za sarufi: objekti hii haitendwi jambo na kitenzi chochote. Kitu nalo ni neno pana mno. Isitoshe, JavaScript yenyewe huihesabu safu kuwa aina ya objekti.

Dhana hizi mbili huungana. Majimbo 10 ya Sudan Kusini yanaweza kuwekwa katika safu moja, kila jimbo likiwa objekti yenye jina na makao makuu, kisha majimbo[0].makao husoma makao ya jimbo lililotangulia.

Lipo tatizo jingine, zito zaidi:

let mingine = miji;
mingine.push("Yei");

Sasa miji.length ni 4. Kuiita mingine "nakala" ni kumdanganya mwanafunzi. Hiyo ni lakabu, jina la pili la safu ile ile. Nakala hupatikana kwa [...miji]. Lakini safu ikiwa na objekti ndani, njia hiyo hunakili safu peke yake: jina la jimbo likibadilishwa katika nakala, litakuwa limebadilika pia katika kumbukumbu ya awali.